Ini la kuchapishwa lenye mishipa ya damu: je, mgonjwa wa leo asubiri?

MwalimuBaiolojia aliuliza:

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naomba msaada wa wenye ujuzi, kwa sababu jambo hili limeingia katika kikao cha familia na nisingependa liamuliwe kwa kubahatisha.

Shemeji yangu ana homa ya ini aina ya B iliyokaa mwilini kwa muda mrefu hadi ini likajaa makovu na kusinyaa. Anameza dawa ya kuzuia virusi kila siku. Tumbo limeshawahi kujaa maji yakatolewa, na mwaka jana alitapika damu, akafungwa mishipa ya koo la chakula iliyokuwa imevimba. Madaktari wametueleza kwamba kitakachomtoa katika hali hiyo ni kupandikizwa ini, na kwamba njia inayofikika kwetu ni kwenda India pamoja na ndugu wa damu atakayekubali kutoa kipande cha ini lake. Mdogo wake wa kiume amekubali, na makundi yao ya damu yanaafikiana.

Hivi karibuni mmoja wetu alileta video inayosema kwamba wanasayansi wa Marekani wamechapisha ini kwa printa, likiwa na mishipa ya damu inayofanya kazi, na kwamba limepelekwa hadi anga za juu. Tangu siku hiyo baadhi ya wazee wanashikilia kwamba kijana mzima asipasuliwe bure, tusubiri ini la printa. Mimi nafundisha baiolojia sekondari na seli na tishu nazifahamu, ila hapa nimekwama. Ningependa kujua kama ndani ya mishipa hiyo imewahi kupita damu ya kiumbe hai au ni majimaji ya maabara tu, kama kipande cha namna hiyo kimeshawekwa ndani ya mwili wa binadamu, na kama kuna sababu yoyote ya msingi ya kumwambia mgonjwa wa leo asubiri.

MhandisiTishu alijibu:

Mwalimu, poleni kwa kuuguza. Nafanya utafiti wa shahada ya uzamivu katika uhandisi wa tishu, kwa hiyo nitaeleza upande wa maabara na kuwaachia madaktari upande wa mgonjwa. Nianze na swali lako la katikati, maana ndilo zito: hakuna binadamu anayeishi kwa kutegemea kipande cha ini kilichotoka kwenye printa. Hata hivyo, kazi iliyofanyika ni kubwa na inastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu anayeifahamu ataweza mwenyewe kupima habari nyingine zitakazokuja.

Kikwazo cha kwanza ni oksijeni. Seli iliyo ndani ya tishu huipata kutoka kwenye kapilari, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, iliyo jirani nayo, na oksijeni hiyo haipenyi mbali kuliko mikromita 100 hadi 200, yaani sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Maabara zimeweza kwa miaka mingi kukuza tabaka jembamba la seli za ini linalotengeneza albumini (protini kuu ya damu inayotoka kwenye ini) na kuvunja dawa, lakini ukilirundika tabaka juu ya tabaka hadi kufikia unene wa sentimita moja, seli za katikati hufa mapema kwa kukosa hewa. Kampuni ya Organovo ya San Diego ilianza mwaka 2014 kutoa vipande vidogo vya tishu ya ini vilivyochapishwa kwa ajili ya kupima sumu ya dawa. Baadaye ikajielekeza kwenye tishu ya kupandikiza, na mwaka 2019 ikauacha mpango huo kwa kuwa utendaji wa tishu ulikuwa ukibadilikabadilika na muda ambao ingemfaa mgonjwa haukuridhisha.

Kikwazo cha pili ni namna ini lenyewe linavyopokea damu. Viungo vingi hupata damu kwa ateri peke yake, ilhali ini lina milango miwili: karibu robo tatu ya damu yake huingia kwa vena ya lango ikitoka kwenye utumbo na wengu, na iliyobaki huletwa na ateri ya ini. Kwa mtu mzima jumla yake ni karibu lita moja na nusu kila dakika. Damu hizo mbili huchanganyika ndani ya vijia vyembamba sana vinavyoitwa sinusoidi, vyenye upana wa takriban mikromita 10, zikapita zikigusana karibu na kila seli, kisha zikakusanywa na vena ya katikati ili kurudi moyoni. Aliyelima mpunga atanielewa upesi: mfereji mkuu hauna faida kama maji hayafiki kwenye kila jaruba, na jaruba lisilo na mahali pa kutolea maji huharibu mpunga vilevile. Kwa hiyo printa inayoweza kutengeneza mshipa mmoja mnene imefanya sehemu ndogo tu ya kazi, kwa kuwa uhai wa seli uko kwenye matawi ya mwisho.

Sasa nije kwenye video yenu. Bila shaka inatokana na shindano ambalo NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ililitangaza mwaka 2016, likiwa na fungu la zawadi la dola 500,000. Sharti lilikuwa kutengeneza tishu ya kiungo cha binadamu yenye unene wa zaidi ya sentimita moja, ambayo zaidi ya asilimia 85 ya seli zake zingebaki hai kwa siku 30. Mwezi Juni 2021 zilitangazwa timu mbili zilizofaulu, zote kutoka taasisi ya tiba ya urejeshaji tishu ya Wake Forest iliyoko Winston-Salem, North Carolina. Ya kwanza ilipata dola 300,000 na ya pili dola 100,000, na zote mbili zilichagua ini. Kila timu ilichapisha fremu ya jeli yenye vijia ndani yake, ikaweka seli za ini za binadamu, ikaviunganisha vijia hivyo na pampu. Mwezi Agosti 2025 tishu za ini kutoka taasisi hiyohiyo zilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ili kuona zinavyoendelea mahali ambapo uzito hauhisiki. Kwa hiyo habari ya anga za juu ni ya kweli. Kilichokuwa kinapita ndani ya vipande vya shindano ni kimiminika cha kulishia seli, na vipande vyenyewe vilikuwa na ukubwa wa mchemraba wa sentimita moja hivi. Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na mchemraba wa sentimita moja una uzito wa gramu moja au zaidi kidogo. Mwalimu, hesabu hiyo unaweza kuwafanyia wazee ubaoni.

Niseme pia jinsi vijia vinavyotengenezwa, kwa sababu hapo ndipo ubunifu ulipo. Kundi la Jennifer Lewis la Chuo Kikuu cha Harvard lilieleza mwaka 2019 njia inayoitwa SWIFT. Wao hawachapishi seli. Hukusanya mamia ya maelfu ya vifundo vidogo vya seli, huvishindilia pamoja na kolajeni (protini inayoshikilia tishu za mwili) hadi mchanganyiko ufikie takriban seli milioni 200 kwa kila mililita, ambao ni msongamano unaokaribia ule wa kiungo halisi, kisha huuweka kwenye ubaridi wa nyuzi 0 hadi 4. Katika ubaridi huo mchanganyiko huwa laini kama mayonezi, na sindano nyembamba huzama ndani yake ikitembea taratibu huku ikiacha mstari wa jelatini nyuma yake. Mchanganyiko ukipashwa joto hadi nyuzi 37, kolajeni hukaza na jelatini huyeyuka, ikaoshwa, na pale ilipopita sindano pakabaki njia wazi. Kwa namna hiyo walitengeneza tishu ya moyo iliyoendelea kudunda kwa siku saba. Mwaka 2024 kundi hilo lilionyesha sindano yenye matundu mawili, moja ndani ya jingine, inayoacha njia iliyozungukwa na ganda la kolajeni lenye seli za misuli laini, jambo linaloufanya mshipa ukaribie ule wa mwilini.

Huko Pittsburgh, kundi la Adam Feinberg la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huanza upande mwingine. Kolajeni ikichapwa hewani hutepeta na kupoteza umbo, hivyo sindano huichapia ndani ya bakuli lililojaa chembechembe za jelatini zinazoishikilia mpaka igande, na baadaye jelatini huyeyushwa. Katika makala yao ya mwaka 2025 walifikia vijia vya upana wa takriban mikromita 100, ndani ya tishu iliyotoa insulini ilipopewa glukosi. Lakini kutoka mikromita 100 hadi 10 pengo bado ni kubwa, na hakuna sindano inayolijaza. Pengo hilo linaachiwa seli zenyewe. Seli za utando wa ndani wa mshipa, zikiwekwa karibu na vijia vilivyochapishwa na kupewa mazingira yanayofaa, huchipua kapilari na kuungana. Utafiti mwingi wa sasa unashughulikia namna ya kuzishawishi zifanye hivyo kwa wingi, kwa mpangilio, na kabla seli za ini hazijafa.

Usanifu wa matawi yenyewe pia ulikuwa mzigo, kwa kuwa kompyuta ilihitaji muda mrefu kubuni mti wa mishipa unaogawa damu sawasawa bila matawi kugongana. Mwezi Juni 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kukokotoa iliyo na kasi zaidi ya mara 200 kuliko zilizotangulia. Walipoijaribu kwa printa walitengeneza pete ya tishu yenye vijia 25. Tofauti kati ya kinachoweza kuchorwa kwenye kompyuta na kinachoweza kuchapishwa ndiyo hiyo.

DaktariMpasuaji alijibu:

Mwalimu, nakushukuru kwa kuuliza mapema, na MhandisiTishu ameeleza vizuri. Niongeze mambo yanayoonekana tu pale kipande kinapofika mezani kwa mpasuaji.

Tunapopandikiza ini, tunashona mshipa kwa mshipa kwa uzi unaokaribia wembamba wa unywele, mshono baada ya mshono kuuzunguka mdomo wa mshipa, kisha tunafungua vibanio na damu inaingia kwa mkupuo. Wakati huo ukuta wa mshipa unatakiwa uushike uzi bila kuchanika na uvumilie shinikizo bila kuvuja. Jeli nyingi zinazozifurahisha seli ni laini mno kwa kazi hiyo, na zile ngumu zinazoshika uzi huzibana seli zisikue. Watafiti wanajaribu kuchapisha mdomo imara wa kushonea kwenye tishu laini, na hapo ndipo mimi hupatazama kwanza ninaposoma makala yoyote ya fani hii.

Jambo la pili ni kuganda kwa damu. Damu ikigusa kolajeni iliyo wazi, chembe sahani hunata hapohapo, kwa kuwa ndivyo mwili unavyoziba jeraha. Kijia kilichochapishwa kisipokuwa kimefunikwa kote na seli za utando wa ndani, kitazibwa na donge la damu muda mfupi baada ya vibanio kufunguliwa, na kila kilicho mbele yake kitakufa. Kimiminika cha maabara hakigandi, ndiyo maana kipande kinachopitisha kimiminika hicho kwa siku 30 bado hakijajibu swali lako la kwanza kuhusu damu.

Tatu ni nyongo. Ini huitoa kwa mirija yake yenyewe, iliyo tofauti na mishipa ya damu na inayoelekea upande wa pili wa damu. Kipande kisicho na njia ya kuitoa kitaikusanya ndani, na nyongo iliyokusanyika huziua seli zilezile zilizoitengeneza. Habari za mishipa zinaandikwa sana na mirija ya nyongo inasahauliwa, ilhali mpasuaji wa ini anajua kwamba hata kwenye upandikizaji wa kawaida matatizo ya mirija hiyo ni miongoni mwa yanayotusumbua zaidi.

Kuhusu shemeji yako, niseme kwa uwazi kadiri inavyowezekana bila kumwona mgonjwa. Maji tumboni na kutapika damu vinatokana na shinikizo kubwa ndani ya vena ya lango, kwa sababu makovu yamebana njia za damu ndani ya ini lake. Hata leo kama angepatiwa kipande kidogo cha kuchapishwa kinachotengeneza albumini na kuondoa amonia (taka yenye sumu ambayo ini huisafisha kwenye damu), makovu yale yangebaki na shinikizo lingebaki. Ini lililoharibika hutolewa lote wakati wa upandikizaji, na hiyo ndiyo sababu shinikizo hushuka. Kwa mgonjwa aliyeshafikia kutapika damu, kusubiri teknolojia ambayo haijaingia kwa binadamu ni kumwacha katika hatari ambayo tunaijua na ambayo ina tiba.

Ila kuna kipimo ambacho familia isikiruke. Wengi wenye homa ya ini B sugu katika nchi zetu waliipata utotoni, mara nyingine kwa mama wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo ndugu wa tumbo moja anaweza kuwa nayo bila dalili yoyote. Kundi la damu kuafikiana hakutoshi. Mdogo wake apimwe virusi vya B, kingamwili zinazoonyesha kama aliwahi kuambukizwa, na hali ya ini lake kwa picha, kabla hamjalipa nauli ya mtu yeyote. Na jamaa wengine wote wapimwe; ambaye hana virusi wala kinga achanjwe.

MwalimuBaiolojia aliandika:

Daktari, asante sana. Kipimo hicho cha kingamwili hakikuwa kimetajwa nyumbani, nitakifuatilia kesho asubuhi.

Naomba niulize jambo moja zaidi, kwa sababu wazee wataliuliza. Video ilisema kwamba ini hilo hutengenezwa kwa seli za mgonjwa mwenyewe, hivyo mwili hauwezi kulikataa. Kama ndivyo, je, virusi vya B vilivyomo mwilini havitaliingia ini jipya? Na hizo seli zinapatikanaje wakati ini lake lote limeshaharibika?

SeliNaMaisha alijibu:

Salaam, Mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa maabara ya seli, na maswali yako yote mawili yana majibu.

Seli za kuanzia hazihitaji kutoka kwenye ini. Tangu kazi ya Shinya Yamanaka wa Kyoto, kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007, inawezekana kuchukua seli ya ngozi au ya damu, kuirudisha katika hali ya seli shina, yaani seli inayoweza kugeuka kuwa seli ya aina nyingine, kisha kuiongoza hatua kwa hatua hadi ifanane na seli ya ini. Mwaka 2013 Takanori Takebe na wenzake wa Yokohama walichanganya seli za namna hiyo na seli za utando wa mishipa pamoja na seli za tishu unganishi. Zenyewe zikajikusanya kuwa chipukizi la ini, na lilipopandikizwa kwa panya mishipa yake iliungana na ya panya ndani ya saa 48. Hilo linajibu sehemu ya swali lako la kwanza kabisa: damu ya kiumbe hai imeshapita ndani ya tishu ya ini ya binadamu iliyotengenezwa maabara, lakini kiumbe huyo alikuwa panya na tishu yenyewe ilikuwa ya milimita chache.

Ugumu uko kwenye ukomavu na wingi. Seli za ini zinazotokana na seli shina huendelea kutoa alfa-fetoprotini, protini ya ini la kijusi, na vimeng'enya vyake vya kuvunja dawa ni hafifu vikilinganishwa na vya mtu mzima. Seli shina chache zikibaki bila kubadilika zinaweza kuota uvimbe, hivyo kila fungu linapaswa kuchunguzwa kwa uangalifu mkubwa. Ini zima lina zaidi ya seli bilioni 100. Kukuza hata sehemu ya kumi ya idadi hiyo kutoka kwa mgonjwa mmoja, kwa usafi unaokubalika hospitalini, huchukua miezi na gharama ambayo familia ya kawaida haiwezi kuibeba. Kwa sababu hiyo makundi mengine yamegeukia akiba ya seli za mtu mwingine zilizohaririwa vinasaba ili kinga ya mwili isizitambue kama mgeni.

Kuhusu virusi, hofu yako ni sahihi. Virusi vya B huingia katika seli za ini kwa kupitia mlango ulio kwenye utando wa seli hizo, na seli mpya iliyokomaa huwa na mlango huohuo hata kama ni ya mgonjwa mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa ini la kupandikizwa kutoka kwa ndugu: mgonjwa huendelea na dawa za kuzuia virusi baada ya upasuaji, na baadhi ya wagonjwa huongezewa kingamwili za sindano, na kwa utaratibu huo ini jipya hulindwa vizuri. Shemeji asiache dawa yake hata siku moja.

MtazamoWaMbali aliandika:

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona picha imechorwa ikiwa na giza kupita kiasi. Hakuna aliyesema ni lazima kuchapisha kilo moja na nusu. Mwaka 2017 kundi la Sangeeta Bhatia wa chuo cha MIT cha Marekani lilipandikiza kwa panya vipande vidogo vilivyopangwa kwa uangalifu: seli za ini za binadamu, seli za tishu unganishi, na nyuzi za seli za mishipa. Ini la panya lilipoharibiwa, vipande hivyo vilipokea ishara za kukua kutoka mwilini na vikaongezeka takriban mara 50, vikiwa na mishipa iliyojaa damu. Ini ndicho kiungo chetu cha ndani kinachoota tena kikikatwa. Kwa nini tusipande mbegu ndogo tukauachia mwili kazi iliyobaki? Na serikali ya Marekani yenyewe imeona njia hiyo inafaa, maana shirika lake la utafiti wa afya, ARPA-H, limewapa Carnegie Mellon dola milioni 28.5 kwa ajili ya ini la kuchapishwa.

MhandisiTishu alijibu:

Ndugu MtazamoWaMbali, kazi ya Bhatia na wenzake ni miongoni mwa ninazozithamini zaidi katika fani hii, na nakubaliana nawe kwamba kupanda kidogo kisha kuukaribisha mwili ukuze ni njia yenye mantiki kuliko kulazimisha printa ifanye kila kitu. Lakini ongezeko hilo lilichukua kama wiki 11, kwa kiumbe ambaye ini lake zima halifikii gramu mbili. Mgonjwa ambaye ini lake limezima ghafla hana wiki 11.

Na hebu tuutazame mradi huo wa Carnegie Mellon kwa makini, kwa kuwa malengo yake yanafundisha kuliko kiasi cha fedha. Hawakuahidi ini la kudumu. Wanakusudia kutengeneza kipande kitakachofanya kazi kwa wiki mbili hadi nne, kwa kutumia seli zilizohaririwa ili mgonjwa asihitaji dawa za kushusha kinga, kikimshikilia mgonjwa ambaye ini lake limezima ghafla mpaka ini lake mwenyewe liote upya. Ni lengo lililofikiriwa vizuri. Nyongo ya wiki tatu ni tatizo dogo kuliko nyongo ya miaka 20, kapilari zisizokamilika zinaweza kuvumilika kwa muda mfupi, na kipande kikichoka kimeshamaliza kazi yake. Watakaofaidika kwanza, kama njia hiyo itafaulu, ni watu wenye ini lililokuwa zima hadi juzi likaharibiwa kwa ghafla na sumu au dawa iliyozidi kipimo. Mwenye makovu ya miaka mingi hana ini litakaloota upya hata akipewa wiki nne, kwa hiyo hata mafanikio kamili ya mradi huo yasingekuwa tiba ya shemeji wa Mwalimu.

Habari itakayonifanya nibadilishe maneno yangu ni ya mnyama mkubwa, hasa nguruwe, aliyeunganishwa kipande kwenye vena ya lango, damu yake mwenyewe ikapita kwa wiki kadhaa bila kuganda, na vipimo vya amonia na albumini vikaonyesha kwamba kipande ndicho kilichombeba. Jambo hilo likichapishwa, nami nitakuwa wa kwanza kulileta hapa.

MwalimuBaiolojia aliandika:

Nawashukuru nyote. Kikao ni Jumamosi na nitawasomea wazee majibu haya kama yalivyo. Nina swali la mwisho kwa Daktari, kwa niaba ya yule kijana ambaye hakuna anayemuuliza hofu yake. Wazee wanasema anakatwa zaidi ya nusu ya ini. Je, utafiti huu hautamfaa hata mtoaji?

DaktariMpasuaji alijibu:

Swali hilo ni zuri kuliko yote uliyouliza, na nafurahi kwamba umemkumbuka. Kwa mpokeaji mtu mzima mara nyingi tunachukua upande wa kulia, ambao ndio mkubwa, kwa sababu kipande kidogo mno huzidiwa na wingi wa damu ya vena ya lango na kushindwa kazi katika siku za mwanzo. Kinachobaki kwa mtoaji huanza kukua mara moja, na ndani ya miezi michache ini lake hukaribia ukubwa wa awali. Hatari ipo, ni ndogo lakini ni ya kweli, na anapaswa kuelezwa akiwa peke yake na daktari ambaye hamtibu kaka yake, akiwa na haki ya kusema hapana bila familia kupewa sababu. Hilo mlisimamie ninyi wenyewe, msingoje hospitali iwakumbushe.

Kuhusu utafiti, mtazamo wangu binafsi ni kwamba hapo ndipo kipande cha wiki nne kinaweza kuwafaa watu wengi zaidi ya wale wa sumu. Kama tishu iliyochapishwa ingebeba sehemu ya kazi katika siku zile za mwanzo ambazo kipande kilichopandikizwa kinapambana kukua, tungeweza kuchukua upande wa kushoto, ulio mdogo, na kumwachia mtoaji sehemu kubwa ya ini lake. Kwa sasa tunachoweza kumfanyia kijana wenu ni kupima ukubwa wa pande zote mbili za ini lake kwa picha za CT, kukokotoa kiasi kitakachobaki, na kukataa kumpasua ikiwa kitakachobaki kitakuwa pungufu ya takriban asilimia 30 ya ini zima. Mkifika huko, ombeni kuonyeshwa namba hiyo kwa maandishi kabla hajasaini fomu yoyote.